Mhariri, turudishieni ukurasa wa majibizano

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Muheza. Katika toleo lililopita mliwauliza wasomaji ni majarida gani wanayapenda na kwa sababu gani. Swali hilo nimelala nalo wiki nzima, maana majarida nimeyasoma tangu sijaota ndevu, nikayaingiza darasani kwa miaka 35 ya ualimu, na mpaka leo chini ya kitanda changu kuna sanduku la bati ambalo mke wangu amechoka kunisihi nilihamishe.

Sanduku ni la marehemu baba. Alikuwa karani wa shamba la katani, na humo alihifadhi nakala zake za Mambo Leo, kila mwaka na fungu lake, limefungwa kwa kamba ya katani. Ukifunua kifuniko, harufu ya dawa ya nondo bado inakupokea.

Mambo Leo lilianza kutoka Dar es Salaam mwezi wa Januari 1923, chini ya Idara ya Elimu ya serikali ya Tanganyika. Lilikuwa jarida la mkoloni, hilo silifichi, na lilibeba mengi ambayo mtawala alitaka yasomwe. Lakini baba hakutoa senti zake kwa ajili ya hayo. Alizitoa kwa ajili ya habari za miji, ambako mtu wa mbali aliandika mvua za kwao zimekuwaje na nani ametangulia mbele ya haki, na zaidi kwa ajili ya mashairi. Humo ndimo Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa Tanga, akiwa karani wa forodha, alipoanza kujulikana kwa watu. Baba kila alipomtaja alisema, "Karani mwenzetu." Vitabu vyake vilikuja kusomwa mashuleni baadaye. Kwa baba yale mashairi yalikuwa maneno ya mtu anayeamka asubuhi kama yeye, akavaa kaptula yake, akaenda kuhesabu mali ya watu.

Tena mashairi yale yalikuwa yakijibizana. Wa Kilwa akiuliza, baada ya mwezi au miwili wa Tanga anamjibu, kisha anatokea wa tatu kuwaamua. Ninapoandika barua hii nina nakala moja mezani. Kwa penseli iliyochongwa ikachongoka, baba ameweka nukta juu ya kila silabi ya shairi, nane kwa nane, mstari kwa mstari. Kwenye ubeti wa tatu, mstari wa pili, nukta zimeishia saba. Pembeni ameandika neno moja tu: "Imepungua."

Hivyo ndivyo baba alivyosoma. Alikagua kazi ya mwenzake kama alivyokagua matita ya katani, kwa sababu alijua kwamba siku yoyote yeye naye angeweza kusimama ukurasa ule ule, akahesabiwa.

Mimi sikurithi kipaji hicho. Mimi ni mtu wa Sani, lile jarida la katuni. Miaka ya themanini nilikuwa mwalimu kijana, nchi haina sabuni, karatasi za kubahatisha, daftari moja tunalikata vipande viwili. Watoto wa darasa la sita walikuwa wakipitishiana Sani chini ya madawati, wanacheka vituko vya akina Lodi Lofa, Ndumilakuwili na Pimbi, nami nikiwanyang'anya, fimbo mkononi. Siku moja nilimnyang'anya mvulana ambaye tangu darasa la tatu tulishamwandika kuwa hajui kusoma. Nikamwambia, haya, tusomee hicho kinachokuchekesha. Akasoma. Kidole chake kilifuata maneno ndani ya viputo, kimoja baada ya kingine, kila mhusika akampa sauti yake, hata darasa zima likaangua kicheko. Nilivuta kiti nikakaa. Vitabu vyetu alikuwa navyo miaka yote ile, na hakuna aliyewahi kumsikia akisoma mstari. Tangu siku hiyo sikumnyang'anya tena mtoto jarida, na nikaomba nakala zilizochakaa nizitie kwenye kabati la darasa.

Mke wangu alikuwa na lake, Sauti ya Siti, la wanahabari wanawake wa TAMWA, lililoanza mwaka 1988 likabeba jina la Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar. Akishalisoma lilikwenda kwenye kikundi cha kina mama, na lilirudi limekunjika pembe zote nne. Hayo namwachia ayaandike mwenyewe, anayo mengi kuliko mimi.

Watoto wetu walilelewa na Femina, lile la vijana lililoanza mwaka 1999, ambalo baadaye tulilizoea kwa jina la Fema, likija bure mashuleni. Ndugu yake, Si Mchezo!, lilifuata mwaka 2003 kwa ajili ya vijana wa vijijini walio nje ya shule. Nikiri hapa kama mwalimu: hedhi, mimba za utotoni, Ukimwi, kondomu, sisi tulivizunguka kama anayeruka dimbwi. Wao walivitaja kwa majina yake, kwa Kiswahili ambacho kijana wa Lindi na wa Kagera wote wanakielewa, na waliotoa ushuhuda walikuwa vijana wenyewe, na sura zao kwenye picha. Binti yangu akipata nakala alianzia kwenye barua za wasomaji, ndipo anarudi jalada. Nilimuuliza sababu. Akaniambia, "Baba, nataka kwanza nijue kama kuna mwingine kama mimi."

Siku hizi nimestaafu, nafuga kuku wa kienyeji, na jarida langu ni Mkulima Mbunifu. Lilianza mwaka 2011 na huwafikia wakulima kwenye vikundi vyao bila malipo. Nalipenda kwa kuwa likishika jambo halilitupi njiani. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kiliwahi kunifagilia banda zima, kuku 39 ndani ya siku tano, na nilichokuwa nikiwapa ni mwarobaini na dua. Humo ndimo niliposoma taratibu, hatua kwa hatua, kwamba kideri hakina tiba, kina kinga. Kwamba chanjo ya I-2 hutolewa kwa tone moja tu jichoni. Kwamba hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kwamba kuku akishaugua umechelewa. Ukurasa ule niliutia kwenye mfuko wa nailoni nikaupigilia misumari mlangoni mwa banda, na chini yake nimeandika tarehe za chanjo kwa kalamu ya wino. Misumari imeshika kutu, tarehe zinaendelea.

Kikundi chetu tuko 14, na wanaosoma vizuri hawafiki nusu. Kwa hiyo jarida tunalisomea chini ya mwembe, mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza. Mara ya kwanza tuliposoma habari ya chanjo, mzee mmoja ambaye hajawahi kushika kalamu aliinua mkono akauliza, "Na yule kuku anayelala juu ya mti, siku ya chanjo akikosekana?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Tukaliandika swali tukalituma, na ile siku ya kulituma mzee alivaa kanzu.

Sasa nije kwenu, Mhariri. Jarida lenu nalipenda, ndiyo maana sinyamazi. Zamani mlikuwa na ukurasa mzima wa wasomaji. Leo umebaki kipande chini ya tangazo la mikopo, na humo mna jumbe za simu zilizofupishwa mpaka zikaishiwa maana: hongera mhariri, endeleeni hivyo hivyo, nipo Morogoro. Mtu amelipa nauli hadi mjini akanunua nakala, akasoma makala ya kurasa nne kuhusu mashamba yetu, anakubali hili na lile analikataa, na nafasi anayopewa ni mstari mmoja wa kuwapongeza.

Najua mtanijibu kwamba watu wamehamia kwenye simu. Ninayo simu, na vikundi vya WhatsApp vitatu nimo. Nikiandika jambo la maana saa mbili asubuhi, ikifika adhuhuri limefukiwa na picha za harusi na salamu za Ijumaa. Hakuna anayelifikiria kwa mwezi mzima kabla ya kunijibu, na hakuna atakayelikuta baada ya miaka 70 ndani ya sanduku.

Ninachoomba ni ukurasa mmoja kamili kila toleo. Barua ndefu ziachwe ndefu kama zina hoja. Anayempinga mwandishi wenu achapishwe pale pale mlipomchapisha mwandishi. Shairi likiuliza, lijibiwe kwa shairi, na mwekeni mtu anayejua kuhesabu mizani, yaani silabi za kila mstari, maana siku hizi tunasoma beti zinazochechemea na hakuna anayesema. Mjadala upewe matoleo matatu, kisha Mhariri aufunge kwa neno lake.

Chini kabisa ya sanduku la baba kuna bahasha iliyoandikwa "Mhariri wa Mambo Leo, Dar es Salaam". Stempu imebandikwa, ile ya Kenya Uganda Tanganyika yenye picha ya Malkia, lakini haina mhuri wa posta. Ndani mna beti sita akimjibu mtu aliyeuliza kipi kimtangulie mwenzake, jembe au kalamu. Ubeti wa kwanza ni huu, nimeunakili kama ulivyo:

Swali lako nimesoma, ndugu usiyejitaja,
Jembe ndilo la kulima, na njaa isije kuja,
Kalamu huja kwa nyuma, ihesabu moja moja,
Kimoja kikisimama, cha pili nacho hungoja.

Nimezihesabu nukta, zimetimia. Beti tano zilizobaki ninazo. Mkiufungua ukurasa, nitazipeleka posta mimi mwenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga