Barua kwa wanangu wa kijiwe cha bodaboda: bangi haipandishi kinga

Wanangu,

Juzi mmoja wenu alinibeba kutoka sokoni. Njiani akaniambia, kwa uhakika kabisa, kwamba bangi inapandisha kinga ya mwili, na kwamba kaka yake anayetumia ARV ameshauriwa na wenzake avute ili CD4 zake, yaani chembe za kinga kwenye damu, zipande. Nilinyamaza, maana hayo si mazungumzo ya juu ya pikipiki. Leo nayajibu.

Nimekuwa muuguzi miaka 32, mingi katika wodi ya kifua kikuu. Habari za polisi mnazijua kuliko mimi, sitazigusa. Nataka tuzungumzie damu yenu na mapafu yenu.

Kemikali inayolevya kwenye bangi ni THC, iliyotambuliwa kule Israel mwaka 1964 na Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba kazi yake kubwa iko kichwani. Mwaka 1993 watafiti wa Cambridge wakaeleza kipokezi cha pili, yaani mahali kwenye seli ambapo kemikali kama THC hujishika, kiitwacho CB2. Hiki kimejaa kwenye bandama na kwenye chembe nyeupe za damu, yaani kwa askari wenyewe wa mwili. THC ikiwafikia, askari hao hupoa. Hata zile kemikali wanazotumia kuitana adui anapoingia hupungua.

Kupoa huko kuna mahali pake. Yapo magonjwa ambayo kinga humgeukia mwenye mwili ikamshambulia, na ndiyo sababu wanasayansi wanauchunguza mmea huu kwa bidii. Kazi yao naiheshimu. Lakini mtu mwenye VVU, au anayelala chumba kimoja na mgonjwa wa TB, anahitaji askari waliopoa wa nini?

Ndani ya vifuko vya hewa vya mapafu kuna seli kubwa ziitwazo makrofaji, ambazo kazi yake ni kumeza kila kijidudu kinachoingia na pumzi. Mwaka 1997, kule Los Angeles, watafiti walichapisha matokeo ya seli hizo zilizotolewa kwenye mapafu ya wavutaji bangi. Walizikutanisha na bakteria wa Staphylococcus, zikashindwa kuwaua kama seli za wasiovuta zinavyoweza. Sasa nisikilizeni vizuri: bakteria wa kifua kikuu hujificha na kuzaliana ndani ya makrofaji hizo hizo. Nimewauguza vijana wa umri wenu waliokuja wakitema damu, wengine mbavu zinahesabika, na sijawahi kuzoea kuwaona.

Halafu kuna ule msokoto mmoja unaozunguka watu sita, mlango umefungwa moshi usitoke. Akiwemo mmoja mwenye TB asiyejijua, wote mnavuta hewa yake. Mwaka 2004 huko Seattle, Marekani, TB ilienea miongoni mwa vijana waliokuwa wakivuta bangi pamoja ndani ya gari lililofungwa vioo.

Najua kuna atakayenijibu kwamba utafiti wa San Francisco wa mwaka 2003 ulionyesha wavutaji bangi wenye VVU hawakupandisha virusi. Ni kweli, na sitauficha. Ulichukua siku 21, na watu wale walikuwa hospitalini, wanameza ARV zao kila siku chini ya macho ya madaktari. Haukusema bangi ni dawa ya VVU. Aliyeacha vidonge akashika msokoto hawezi kujifananisha nao.

Na wale wanaouziwa mafuta ya CBD, kemikali nyingine ya bangi, wakiambiwa hayana madhara kwa sababu hayalevyi: CBD huingilia kazi ya ini ya kuvunja dawa nyingine. Aliyepandikizwa figo na anatumia takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo hiyo, anaweza kukuta dawa imezidi mwilini hadi kumdhuru. Kwa hiyo mwambieni daktari mnachotumia, hata kama mnaona aibu. Anauliza ili ajue namna ya kuwatibu.

Mwenye kikohozi cha wiki mbili asisubiri kitulie. Apeleke makohozi kituo cha afya. Kipimo na dawa za TB ni bure. Na wewe uliyenibeba juzi, mlete kaka yako nyumbani jioni yoyote, aje na kadi yake ya kliniki.

Mama yenu,
muuguzi mstaafu