Nani anashika daftari

Igoma, Mwanza
Jumapili jioni

Doto wangu,

Mwangaluka. Barua yako niliipata Alhamisi pamoja na zile kashata. Unisamehe, kashata ziliisha kabla sijafika ukurasa wa pili, maana hapa gheto tuko wanne na hakuna anayekula kwa staha. Mama mwenye nyumba anakusalimu. Bado anakuita yule binti aliyemaliza kichwa cha sangara peke yake.

Umeniuliza sisi wasichana wa uhandisi hapa chuoni tulianzaje kikundi chetu. Unasema huko Dar mmeshakutana mara tatu, wasichana wote wa mekanika na kaka wawili wanaowaunga mkono, na bado mnabishana juu ya katiba na nani awe mwenyekiti. Nimecheka, maana sisi hatuna katiba hadi leo. Tulichonacho ni karatasi moja iliyobandikwa kwenye mlango wa maabara ya zege, nayo imeshachanika pembeni.

Ilianzia kwenye kipimo cha slampu, yaani kupima zege mbichi ni laini kiasi gani. Kwa kuwa wewe ni mtu wa vyuma nikueleze. Kuna koni ya bati iliyo wazi juu na chini, kimo chake sentimita 30, mdomo wa chini sentimita 20, wa juu 10. Unaisimamisha, unaijaza zege kwa tabaka tatu, kila tabaka unalishindilia kwa fimbo ya chuma mara 25. Halafu unainyanyua koni wima, taratibu, na zege inajishusha yenyewe. Mnapima imeshuka kiasi gani, basi. Ni kazi ya dakika chache, ila anayenyanyua koni ndiye anayejifunza, kwa sababu mkono ukiyumba zege inalala upande na mnaanza upya.

Kundi letu mwaka wa kwanza lilikuwa la watu saba, wasichana wawili. Muhula mzima sikuinyanyua koni hata mara moja. Nilikuwa katibu. Mwenzangu alikuwa mwosha vifaa. Na hakuna aliyetukataza, Doto! Laiti wangetukataza, ningegombana nao, unanijua. Zege ikishachanganywa tu mtu ananikabidhi daftari: "Andika wewe, una mwandiko mzuri." Nami napokea, tena kwa tabasamu. Ripoti zetu zilikuwa zinasifiwa.

Ukafika mtihani wa vitendo. Nimeitwa peke yangu, koni ile pale, mhadhiri kasimama na kalamu yake. Nikasahau kukanyaga vile vibawa vya chini vinavyoishikilia koni. Nashindilia tabaka la kwanza, koni inacheza, uji wa saruji unatoka kwa chini hadi kwenye viatu vyangu. Mhadhiri akaniangalia kwa mshangao wa kweli kabisa: "Si wewe ndiye unayeandika ripoti za kundi la nne?"

Nilienda kulia chooni. (Choo chenyewe cha wasichana kiko jengo la utawala, kwa hiyo nililia njia nzima. Hilo la choo tumeshaliandikia barua mbili, bado tunasubiri.)

Hiyo karatasi ya mlangoni ni ya zamu. Kila kipimo tumeandika kazi zake zote: kuchanganya, kushindilia, kunyanyua, kupima, kuandika, kuosha. Majina yanazunguka, na hakuna anayeshika daftari mara ya pili kabla wote hawajalishika. Wavulana walinuna mwanzoni, mmoja akasema tunatafuta vyeo. Wiki ya tatu ikawa zamu yake ya kuandika. Mahali pa matokeo akaandika "slampu: nzuri". Sasa nzuri ndiyo milimita ngapi? Tangu hapo anakuja kwangu na daftari lake kwa adabu zote, naye ndiye aliyenisimamia nilipokuwa najifunza kunyanyua koni. Overoli nazo zilikuwa zote za saizi ya wanaume, mikono inaning'inia karibu na mashine ya kuchanganyia zege, hatari tupu. Fundi cherehani mmoja wa Mabatini akatupunguzia. Kazi ya siku mbili iliyokuwa imeshindikana miaka.

Alikuja pia mama mmoja mhandisi kuzungumza nasi. Yeye alipita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye ile programu ya awali ya wasichana, wiki kadhaa za hesabu na fizikia kabla ya kujiunga na uhandisi. Kaka mmoja akamuuliza kama huo si upendeleo. Mama hakukasirika. Akasema ukishaingia darasani mtihani ni uleule, na baadaye ile miaka mitatu ya mafunzo kazini chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi hakuna anayekupunguzia hata siku moja. Kisha akamuuliza yule kaka kama aliwahi kuteka maji kabla ya kwenda shule. Kaka akakaa.

Sasa nikupe lililonifunga mdomo, ambalo kwenye mikutano silisemi vizuri.

Tuna mwenzetu ana ualbino, ametoka Misungwi. Unajua kanda yetu hii ilivyowatesa watu hawa. Hadi leo mama yake humpigia kila magharibi ahakikishe yuko ndani. Muhula huu tuna somo la upimaji, tunapima mwinuko kwa leveli, kile kifaa chenye darubini kwenye miguu mitatu, tunazunguka kilima cha mawe nyuma ya chuo na kurudi pale tulipoanzia. Mimi nilikuwa kiongozi wa kundi. Jua la saa sita lile la kwetu, linalotoka juu na kurudi tena kutoka kwenye mawe. Nikamwonea huruma. Nikamwambia, "Wewe kaa hapo chini ya mwembe, utuandikie."

Tukazunguka kilima, tukajumlisha, mahesabu hayafungi, yaani kimo cha mwisho hakilingani na cha mwanzo. Tumepotea milimita 50, kwa mzunguko mdogo kama ule! Tukarudia nusu nzima. Mwisho tukaona ni tarakimu moja kwenye daftari: 1.635 imeandikwa 1.685. Watu wamechoka, mmoja akaguna. Ndipo yule mwenzetu wa chini ya mwembe akafunga daftari, akasema polepole:

"Karatasi nyeupe inanichoma macho hata kivulini, na viboksi vyenyewe ni vidogo. Tatu na nane kwangu ni mapacha. Mngenipa darubini. Ubaoni sioni kitu, lakini darubini inakuza." Akaniangalia. "Mmenifanya katibu."

Doto, maneno yale ni yangu. Kisa cha koni nimekisimulia kila mkutano, hadi watu wanakimalizia wenyewe. Na karatasi ya zamu ilikuwa mlangoni, ila sisi tulikuwa kilimani, nami kwa huruma yangu nikaona zamu haimhusu. Nilimpa kazi moja tu ambayo macho yake hayaiwezi, nikamnyima ile ambayo kifaa chenyewe kingemsaidia. Hata kumuuliza sikumuuliza.

Wiki iliyofuata tulipanda saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ziwa limetulia kama mafuta kwenye sahani, mitumbwi ya dagaa ndiyo inarudi. Yeye na kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, na ule mwavuli mkubwa ambao mpimaji hutakiwa kuifunikia leveli jua lisiiharibie vipimo. Kumbe miaka yote mwavuli upo stoo, kwa ajili ya mashine! Wakakaa chini yake wote wawili, yeye na leveli. Mimi nilishika stafu, ile fimbo ndefu yenye tarakimu za kupimia, yule bwana "slampu nzuri" akaandika tarakimu kubwa kama za kwenye mabasi. Tulifunga kwa milimita 2. Hakuna kundi lililotupita.

Baada ya hapo aliomba jambo moja mwenyewe, kwamba mhadhiri awe anasoma kwa sauti anachoandika ubaoni. Mhadhiri kakubali, na safu nzima ya nyuma imeanza kuelewa hesabu za mihimili.

Kwa hiyo hiyo katiba iacheni kwanza. Siku moja ingia karakana yenu ukakae kwenye kona, uangalie tu ni mikono ya nani iko kwenye mashine ya kukereza na ni ya nani iko kwenye daftari. Uniandikie ulichoona, bila kupamba.

Likizo ukija huna tena kisingizio cha kivuko. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi linapitika, kilomita 3 hivi juu ya maji, unafika kwenu Sengerema kabla hujamaliza mahindi uliyonunua Usagara. Ila usinipite. Shuka Mwanza ulale kwangu siku mbili, uje na overoli yako tuipeleke Mabatini, na hizo kashata ulete pakiti mbili. Moja uifiche.

Msalimie Kulwa.

Mwenzako,
Minza