Kabla ya kumwita bubu, ulizeni nyumbani

Bwana Mhariri,

Tuko Juni, walimu wanajumlisha pointi, na mtihani wa kusoma kwa sauti umekaribia. Naandika kwa ajili ya watoto watakaopata sifuri wakati kusoma wanajua. Sauti ndiyo haiwatoki wakiwa shuleni. Binti yangu, wa darasa la kwanza, ni mmoja wao.

Mchana akirudi kwetu Kadutu, hata viatu hajavua, anawapanga wadogo zake kwenye benchi na kuwa mwalimu. "Nyamazeni! Fungeni mikono! Fungueni madaftari!" Anawasomea silabi za Kifaransa kwa sauti ileile ya mwalimu wake, mpaka jirani anachungulia. Kesho yake jina lake likiitwa darasani, shingo inakakamaa, vidole vinashika pindo la sare, macho yako mezani. Hata ruhusa ya kwenda chooni haombi. Mara mbili amejikojolea.

Majina nimepewa mengi. Jirani alisema akatwe kimeo. Kwenye chumba cha maombi wakasema ni pepo bubu, tukafunga siku tatu. Katika kituo kimoja cha afya waliandika trauma ya vita. Mwingine akasema otismu, yaani usonji. Shuleni wakasema ana kiburi. Wote hao, hakuna aliyeniuliza: mama, nyumbani anaongea?

Hali hii madaktari wanaijua. Kwa Kifaransa chao ni mutisimu selektifu: mtoto anaongea vizuri mahali fulani na watu fulani, lakini mahali pengine anapotarajiwa kuongea, hawezi. Mara nyingi huanza kabla ya miaka mitano, ikaonekana mtoto akiingia shule. Hata wao walichelewa kuielewa. Mwaka 1877 daktari Mjerumani, Adolf Kussmaul, aliiita ububu wa hiari. Mwaka 1934 Moritz Tramer akaipa jina la kwamba mtoto ameamua mwenyewe. Ni 1994 tu mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulipobadilisha jina hilo, na toleo la 2013 likaiweka waziwazi kati ya magonjwa ya wasiwasi. Basi mwalimu anayesema "kiburi" simlaumu sana. Ila mtoto anaumia.

Nimejifunza kwamba ugumu uko katika kuitofautisha na hali zinazofanana nayo. Masikio yapimwe kwanza, hilo halina mjadala. Mtoto wa trauma mara nyingi hunyamaza ghafla, na kimya chake kinamfuata hata jikoni kwa mama yake. Kwa jirani yetu kuna mtoto aliyekimbia kutoka Goma, na hali yake ndiyo hiyo. Binti yangu alikuwa kimya tangu siku ya kwanza ya maternele, yaani chekechea, Septemba 2023, kabla ya risasi za Februari 2025 kusikika hapa Bukavu. Tarehe tu ingetosha kumfanya yule aliyeandika trauma afikiri mara mbili.

Otismu ni ngumu zaidi. Dalili zake hazibaki shuleni: zinaonekana nyumbani pia, katika mchezo, katika kuongea, katika namna mtoto anavyoelewana na watu wake. Lakini mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, kwa hiyo kupata kimoja kusiwe sababu ya kuacha kutafuta kingine. Na woga wa kukaa mbele za watu uko kwa wengi wa watoto wenye mutisimu selektifu.

Halafu kuna lugha, na hapa Bukavu tuwe makini. Mtoto aliyetoka Walungu na lugha yake ya Mashi, akawekwa katika darasa la Kifaransa, anaweza kunyamaza miezi akisikiliza tu. Huyo si mgonjwa. Mwongozo wenyewe unataka hali idumu angalau mwezi mmoja, isiwe mwezi ule wa kwanza wa shule peke yake, na isitokane na kutojua lugha. Mwekeni na mwenzake wa Mashi wakati wa kucheza, msikilize. Akinyamaza hata hapo, na akinyamaza bibi mgeni akimsalimu kwa Mashi, hapo tafuteni zaidi.

Mimi nilisimama nyuma ya pazia na simu, nikamrekodi akifundisha wadogo zake. Nilimwonyesha mwalimu. Aliangalia mpaka mwisho, akakaa kimya, akaomba arudishe mwanzo. Tangu siku hiyo hamlazimishi tena mbele ya wenzake. Wakishatoka wote, naingia mimi, tunacheza na binti yangu darasani, mwalimu anasahihisha madaftari mlangoni. Kila juma anasogeza kiti chake karibu kidogo. Sasa mtoto anamnong'oneza rafiki yake mmoja, na rafiki anamwambia mwalimu.

Nimemwomba direkta kwamba mtihani wa kusoma apimwe kwa rekodi ya nyumbani, au asome mimi nikiwepo na darasa likiwa tupu. Mtihani ni Jumanne. Bado nangoja jibu, na nawaomba wakuu wa shule nyingine wasingoje mama aje na simu ndipo waulize.

Mama wa watoto wanne,
Kadutu, Bukavu