Siku 21 za bomani si usumbufu, ila ubao wake usifichwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kamati nyingi za harusi hulikumbuka wakati maji yamekwisha kufika shingoni, nalo ni taarifa ya kusudio la kufunga ndoa. Mwaka jana nilikuwa katibu wa kamati ya harusi ya binti wa marehemu kaka yangu. Tulikaa vikao kumi na kimoja, tukajadili ukumbi, mapambo, idadi ya masinia na rangi ya sare za kina mama, na kikao kimoja kizima kiliishia kwenye ubishi kama mshereheshaji alipwe nusu ya fedha zake kabla ya shughuli au la. Zikiwa zimebaki siku nane, mzee mmoja aliuliza, bila hata kuinua macho kutoka kwenye daftari la michango, kama maharusi walikwisha kwenda bomani. Hakuna aliyemjibu.

Kesho yake asubuhi niliwasindikiza maharusi hadi ofisi ya wilaya. Kwa kuwa mmoja ni Mkristo na mwenzake ni Mwislamu, na kila mmoja alitaka kubaki na dini yake, walikuwa wameamua kufunga ndoa ya kiserikali. Tuliomba tupewe leseni ya ndoa, maana ndivyo vijana wetu walivyolizoea jambo hili kutoka kwenye filamu za Marekani. Ofisa alitusahihisha kwa upole kwamba huku Tanzania Bara safari ya ndoa haianzi na leseni bali inaanza na taarifa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu chake cha 18, inawataka mwanamume na mwanamke wanaokusudia kuoana wampe msajili au ofisa usajili taarifa hiyo si chini ya siku 21 kabla ya siku ya ndoa, wakitaja majina yao, umri wao, mahali wanapoishi, majina ya wazazi wao, kama waliwahi kuoa au kuolewa, na kwamba hawana undugu unaokatazwa. Mwanamume mwenye mke anayekusudia kuongeza mwingine anatakiwa amtaje aliye naye. Neno leseni lipo katika sheria hiyo, lakini ni la mambo mengine: kiongozi wa dini hupewa leseni ya kufungisha ndoa, na Msajili Mkuu anaweza kutoa leseni maalumu ya kuwaondolea wahusika sharti la taarifa pale anaporidhika kuwa ipo sababu ya kutosha.

Tuliposikia habari ya leseni maalumu tuliishikilia kama mfa maji. Ofisa akauliza sababu yetu ni ipi, na shemeji yangu, ambaye ndiye aliyekuwa mweka hazina, akajibu kwa sauti ya mtu mwenye haki kwamba ukumbi umekwisha kulipiwa. Sitaandika hapa jinsi tulivyotazamwa. Tulijaza fomu kama watu wengine, harusi ikasogezwa mbele kwa wiki mbili na siku kadhaa, na malipo ya awali ya ukumbi yakapotea kwa uzembe wetu wenyewe.

Mhariri, nimeieleza aibu hiyo kwa sababu tangu siku ile nimewasikia watu wengi, baadhi yao wasomi, wakisema kuwa siku hizo 21 ni urasimu uliopitwa na wakati na kwamba zingefutwa. Nilifanya kazi ya ukarani katika Mahakama ya Mwanzo kwa zaidi ya miaka ishirini, na mashauri ya mirathi yamenifundisha kuona vingine. Marehemu anazikwa Jumamosi, na wiki inayofuata wanakuja wajane wawili ambao hawajawahi kuonana, kila mmoja na bahasha yake, mmoja ana cheti na mwingine ana picha za harusi, na kila mmoja anaapa kuwa hakujua habari za mwenzake. Mara nyingi niliamini kwamba wote wawili wanasema kweli. Katika mafaili niliyoyashika sikumbuki hata moja ambamo taarifa ilitangazwa mahali ambapo mke wa kwanza angeweza kuiona.

Hapo ndipo penye uzito wa siku hizo. Sheria inaagiza taarifa itangazwe ili mtu yeyote anayejua kizuizi aweze kuweka pingamizi, na pingamizi hilo husikilizwa na mahakama. Kifungu cha 20 kinamruhusu pia mke aliyeko kwenye ndoa ya wake wengi, au inayoweza kuwa ya wake wengi, kupinga ndoa mpya kwa hoja kwamba kipato cha mumewe hakitoshi na kwamba yeye na watoto wake watataabika. Anaweza vilevile kupinga kwa kuwa mwanamke anayekusudiwa anajulikana kwa tabia mbaya, ana ugonjwa wa kuambukiza, au ataleta mfarakano mkubwa nyumbani. Ni kweli kwamba haki hiyo imeandikwa kwa lugha ya mwaka 1971, na mengine ndani yake yangefaa kuandikwa upya, lakini ni haki yenye nguvu na inaishi ndani ya siku 21 tu. Kwa aliye kwenye ndoa ya mke mmoja jambo ni rahisi zaidi, kwa kuwa sheria inamkataza mume kuoa mwingine ndoa hiyo ikiwa bado ipo. Ofisa alipowauliza maharusi wetu kama ndoa yao itakuwa ya mke mmoja au ya wake wengi, bwana harusi alicheka. Bibi harusi hakucheka, akajibu yeye.

Kuhusu umri sina budi kugusia, ingawa magazeti yameliandika sana. Sheria hiyohiyo ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa ilhali mvulana alitakiwa awe na 18. Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba, ikatoa mwaka mmoja wa kurekebisha, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo Oktoba 2019. Mwaka huo wa marekebisho ulipita sheria ikiwa vilevile. Taarifa inayotaja umri wa wanaooana, ikisomwa na mwalimu au jirani, ingeweza kumwokoa binti kabla shauri lolote halijafika mahakamani.

Sasa nije kwenye lalamiko langu. Siku tulipopeleka fomu nilitaka kuona taarifa yetu itabandikwa wapi. Ubao upo ndani ya korido, nyuma ya mlango ambao hufunguliwa asubuhi na kuachwa wazi kutwa nzima, kwa hiyo mlango wenyewe ndio unaoufunika. Niliusogeza mlango nikasoma: tangazo la mnada uliokwisha kupita, ratiba ya chanjo ya mifugo, na chini yake taarifa mbili za ndoa, moja ikiwa imeshikwa na pini moja na kujikunja hata majina hayasomeki. Makanisa yanayosoma matangazo ya ndoa Jumapili tatu mfululizo mbele ya waumini yanatimiza lengo hili vizuri zaidi kuliko ubao wa namna ile, kwa kuwa pale angalau kila mwenye masikio husikia.

Wapo watakaosema kwamba kutangaza sana ni kuwaanika watu. Nawaelewa, lakini wanandoa haohao hugawa kadi za michango ofisini, sokoni na kwenye makundi ya simu miezi sita kabla, zikiwa na majina yao na picha zao. Wengine watanikumbusha kuwa kutolipwa mahari au kutosajiliwa hakubatilishi ndoa iliyotimiza masharti mengine. Hilo ni kweli, na wajane wangu wawili walilijua baadaye kwa gharama ya mawakili.

Ninachoomba kwa mamlaka zinazohusika, kuanzia Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ni kwamba nakala ya kila taarifa ipelekwe kwenye ofisi ya kijiji au ya mtaa anakoishi kila mmoja wa wanaooana, ambako mtendaji na majirani wanawajua. Kamati za harusi nazo ziandike tarehe ya bomani kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kabla ya jina la ukumbi. Na wakati tukisubiri mengine, ule ubao niliouona unahitaji misumari minne na mtu wa kuutoa nyuma ya mlango na kuupigilia barazani, hatua sita tu kutoka ulipo.

Karani mstaafu wa Mahakama ya Mwanzo