Mama Grâce, ile boksi ya kinini

Goma, siku ya posho

Mama Grâce wangu,

Jambo sana, umusalimie na Papa Grâce na watoto wote. Siye tuko, tunapumua, mambo ya huku unayafuata mwenyewe ku radio sitayarudilia. Mama alikuwa anaumwa mugongo wiki nzima lakini leo ameamuka akaenda kuuza ndizi zake, basi njo kusema ni muzima.

Foto yako nilipata. Ile boksi ya kinini kumi, vidonge vya iode (ayodini) vya kumeza siku santrali ya nikleari ikiharibika, miligramu 65 kila moja, yenye mama wa farmasi ya Huy kule Belgique (Ubelgiji) alikupatia bure, na weye chini ukaniandikia "Mama Ester, weye mutu wa volkano, unifundishe kukimbia", na vile vichwa vya kuchekelea kumi na mbili, nilivihesabu. Nilicheka sana. Kisha usiku usingizi ukapotea, nikakamata telefoni nikaanza kusoma mambo ya hiyo santrali yenu ya Tihange, yenye inatoa umeme kwa nikleari, na sheria zake, na za Marekani, na za Japani, mpaka mega zikaisha. Sasa nakujibu, na jibu haiko ile nilikuwa nafikiri.

Juu mi nilikuwa tayari kukufundisha kukimbia kweli. Weye hukuwa hapa 2021, ulitufuata tu ku telefoni. Volkano yetu, Nyiragongo, ilipasuka siku ya posho tarehe 22 mwezi wa tano, mangaribi, bila mutu kutuambia kitu, lava, yale mawe ya moto yenye kuyeyuka, ikashuka mpaka Buhene karibu ya uwanja wa ndege ikasimama. Tukasema Mungu asifiwe imekwisha. Wiki nzima udongo unatetemeka tu, sahani zinaanguka ku kabati. Kisha siku ya ine, tarehe 27, asubuhi mapema, gavana anaongea ku radio: kartie 10 kati ya 18 zitoke, sasa hivi, moto inaweza kuwa chini ya muji na chini ya ziwa. Majengo, kartie yetu, ndani. Sasa unajua mi njo nilikuwa naandika majina ya nyumba kumi zetu, nilikuwa na kaye (daftari) yangu, watu 43, watoto na wazee wote, mpaka mimba ya Furaha nilikuwa nimeiandika. Kaye safi kabisa. Lakini hakuna mutu alituambiaka siku hata moja: mukisikia hivi, mukutane hapa, mupitie hapa, mama wazee watabebwa na nani. Watu wa muji muzima wakaingia ku barabara moja ya Sake, pikipiki, chukudu za mbao za kusukuma, gari, mabuzi, magodoro ku kichwa, na jirani yetu (unamujua, sitamutaja) amebeba televizyo lakini dawa ya sukari ya bibi yake ameacha ku dirisha. Mama nilimupandisha ku pikipiki ya mutu hata simujui. Kufika Mugunga nikafungua kaye nikaanza kuita majina. Kati ya 43 nikapata 11.

Watoto wengi walipotezana na wazazi siku zile, unakumbuka matangazo ya radio.

Kwa hiyo nilikuwa nitakuandikia: weka sakoshi ku mulango, viatu chini ya kitanda, ukisikia kitu kimbia. Kumbe hapana! Lava unaikimbia juu unaiona, na inapita kwenye njia yake. Ile radiasyo (mionzi) ya kwenu ikitoka ni kama moshi yenye haina rangi haina harufu, na ukitoka inje njo unaivuta. Basi kitu ya kwanza yenye serikali ya Belgique inaomba watu ni kuingia ndani, kufunga milango na madirisha, kuzima mashini za kuvuta hewa, na kusikiliza radio. Kukimbia ni wakati wamesema mukimbie, na upande wenye wamesema, juu upepo njo unaamua.

Na hawakuitunga tu ku meza. Angalia Fukushima, santrali ya Japani yenye iliharibika 2011. Tarehe 11 mwezi wa tatu usiku wakasema watu wa kilometa 3 watoke, asubuhi yake wakasema 10, mangaribi ya siku ile ile wakasema 20. Mara tatu, hata saa 24 hazijaisha. Watu wakahama wakahama tena. Na wazee wa hospitali na wa nyumba za wazee, makumi walikufa, na haikuwa juu ya radiasyo, ilikuwa juu ya safari yenyewe, ku bisi saa na saa bila dawa bila munganga. Niliposoma ile nikamuangalia mama yangu amelala, nikakumbuka ile pikipiki ya kwenda Sake.

Sasa kinini. Usimeze kama vile tunamezaka parasetamoli. Ile ni iode ya kawaida, kazi yake ni kujaza tezi ya shingo, ili iode ya radiasyo ikifika ikute nyumba imejaa. Kwa ile iode tu, vitu vingine vyenye vinatoka ku reakta, lile jiko la ndani ya santrali, haivizuii. Na saa njo kila kitu: masaa machache mbele ya wingu kufika, ao palepale, ukichelewa siku moja umemeza bure. Mukubwa na mutoto wa miaka zaidi ya 12 kinini mbili, wa 3 mpaka 12 moja, Grâce anaingia hapa, wa mwezi moja mpaka miaka 3 nusu, kale kachanga kabisa robo. Lakini mpaka waseme ku radio ao ku telefoni. Na hiyo ya telefoni, BE-Alert, umeshajiandikisha? Ni bure, unaweka adresi yako, meseji inakuja yenyewe. Najua weye, hujajiandikisha.

Kitu yenye ilinichoma sana ni ya watoto. Maagizo yenu yanasema kengele ikilia mzazi asiende kutafuta mutoto ku masomo, ku shule. Masomo itamufungia ndani na walimu, njo watakuwa na kinini pale pale. Mama Grâce, niambie ukweli, weye utakaa ndani ya nyumba na Grâce iko ng'ambo ya mto? Mi siwezi. Akili yangu inakubali: wazazi elfu mbili wakitoka na gari zao bisi za kuokoa zitapitia wapi, na njo wote watakuwa inje ndani ya moshi. Akili inakubali lakini miguu itakuwa imeshatoka. Dawa ya hiyo mi naona ni moja tu, uende ku masomo siku ya kawaida, umuulize mwalimu machoni kwake: kinini ziko ku chumba gani, nani ana ufunguo, na siku hiyo mwenye ufunguo akiwa mugonjwa, nani atafungua? Akikujibu mbio bila kutafuta makaratasi, labda miguu yako itakaa.

Wamarekani hiyo ya miguu waliionaka 1979, santrali ya Three Mile Island, Pennsylvania, ilipoharibika. Gavana alisema mama wenye mimba na watoto wadogo wa kilometa 8 watoke, hao walikuwa elfu chache tu. Wakatoka watu kama 140,000! Juu huyu alisema hivi, yule hivi, kampuni inasema hakuna kitu, na mutu akiona wakubwa hawasikilizani anawasha gari yake. Mbele ya pale plani ya watu wa inje ya ukuta ilikuwa kama kitu ya kando. Nyuma yake, 1980, wakaandika: hakuna ruhusa ya kuwasha reakta mpya kama plani ya dharura haionyeshi kweli kama watu watalindwa, kilometa 16 kuzunguka santrali kwa moshi, kilometa 80 kwa maziwa na mboga, kengele ifikie watu karibu dakika 15, na wafanye mazoezi makubwa, siku hizi ni kila miaka 2, watu wa serikali wenye hawako wa santrali wanakuja kuangalia na kuandika makosa. Hiyo ya mwisho njo naipenda. Mutu wa inje anakuja na kaye YAKE.

Na kuna ya Shoreham, ku kisiwa cha Long Island karibu ya New York, hiyo nilisoma mara mbili. Walijenga santrali karibu dolari milyari 6. Karibu kumaliza, wakubwa wa pale Suffolk wakasema, 1983, siye tumeangalia barabara zetu, kisiwa ni kirefu na chembamba, watu hawawezi kutoka, hatusaini plani. Washington ikajaribu kuzunguka, 1987 ikabadilisha sheria ili kampuni iweze kuleta plani yake yenyewe, na 1989 ruhusa ikatoka kweli. Lakini ilikuwa imechelewa, Jimbo la New York likainunua dolari moja, moja tu, likaifunga. Ilikuwa imejaribiwa moto kidogo tu. Mi nikafikiria barabara ya Sake. Kuona barabara inasema hapana na watu wanaisikiliza! Hapa kwetu barabara inasema hapana kila siku na hakuna mutu anaulizaka.

Usinidanganye pia kusema kwenu kila kitu ni sawa. Ku Fleurus, haiko mbali na weye, mwezi wa nane 2008, pale wanatengenezaka vitu vya radiasyo vya hospitali, iode ya radiasyo ilitoka ku bomba la moshi, na watu wa pembeni wakaja kuambiwa siku kadhaa nyuma wasile mboga za bustani. Siku kadhaa! Sombe yao ilikuwa imeshaliwa. Kwa hiyo ukiwa na bustani, unikumbuke. Na usijitulize juu reakta mbili za Tihange zimeshazimwa, moja 2023 na ingine 2025. Ya tatu wameipa mpaka 2035, Grâce atakuwa ameshaolewa.

Papa Ester anasikia nakusomea hii barua kwa sauti anacheka, anasema uranyumu, ile makaa ya reakta, wazungu waliichimbaka Shinkolobwe kwetu Katanga, sasa wanatupatia kinini bure, tuseme asante. Anasema pia hata siye tulikuwaka na reakta Kinshasa, ku inivesite, tangu 1959, ya kwanza Afrika. Nikamuuliza na watu wa Lemba, pembeni ya ile inivesite, walipewaka kinini? Akanyamaza akaenda kuoga.

Nimeanza tena ile kaye. Safari hii nimeongeza mustari ya "nani anabeba nani", na tumekubaliana ku avenyu kukutana mbele ya kanisa, na siku ya yenga ingine tutajaribu kutembea mpaka pale na wazee, tuhesabu dakika. Watu wanacheka. Wacheke.

Mama amesikia habari ya kinini za shingo, anauliza kama unaweza kumutumia mbili, juu bibi yake kule Idjwi alikuwa na rovu kubwa kama chungwa na anaogopa yake inakuja. Nimemueleza kama hiyo haiko dawa ya rovu, chumvi yetu ya iode inatosha. Amekataa. Anasema nikuulize weye, juu weye uko Ulaya.

Unijibu, na foto ya ule ufunguo.

Mama Ester