Nyimbo za Kwaresima zianze kwenye masomo

Mhariri,

Walimu wengi wa kwaya za Kikatoliki hupanga nyimbo za Dominika kwa kuangalia wimbo uliokolea mazoezini. Tunawaomba waanze na kitabu cha masomo: wasome Injili na antifona za siku (beti fupi za kuingilia na za komunyo), ndipo wafungue madaftari.

Kwaresima ndiyo inayovurugwa zaidi. Wimbo wa “Utukufu kwa Mungu juu” hauimbwi Dominika zake, ila hurudi kwenye sherehe kama ya Mtakatifu Yosefu, 19 Machi. Aleluya haiimbwi hata siku hiyo. Shangilio la Injili huchukua maneno mengine mpaka Mkesha wa Pasaka. Kinanda nacho husindikiza sauti tu, bila kupigwa peke yake, isipokuwa Dominika ya 4, sherehe na sikukuu.

Wimbo wa katikati, unaofuata somo la kwanza, ni zaburi ya siku hiyo, inayojibu somo la kwanza. Kuweka wimbo mwingine wowote “wa toba” ni kuwanyima waamini Neno la Mungu, na hilo linatuuma.

Kisha ufunguo, yaani kimo ambacho wimbo unaanzia. Sauti ya kwanza ikipanda kupita re ya juu, kwa ufunguo wa C, waamini hunyamaza na kwaya hubaki ikiimba peke yake. Shusheni nusu au toni nzima, lakini mjaribu kwanza na besi, waimbaji wa sauti nzito ya chini, maana nao wana kikomo chao.

Wimbo wa komunyo uanze padre anapokomunika. Ukichelewa, waamini hupanga foleni kimya.

Walimu wa kwaya,
Dar es Salaam