Risala ya Vijana wa Mkomani, Lamu, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu, akina mama, walimu na vijana wenzetu, assalaam alaykum.

Karibu sana Mkomani. Tumeambiwa una muda mchache kabla ya boti basi hatutapiga porojo, tutasema kuhusu mtaa wetu na kuhusu chokaa, ndo jambo lililotukusanya leo.

Mji wa kale wa Lamu ni kama hekta 16 tu, UNESCO ikauingiza kwenye urithi wa dunia 2001. Mkomani ndo upande wa majumba ya mawe, kule Langoni ndo zilikuwa nyingi nyumba za makuti. Majumba mengi makubwa ni ya miaka ya 1700, Lamu ilipokuwa inanona kwa biashara ya majahazi na, tusifiche, kwa jasho la watumwa waliolima mashamba ya bara. Ngome imekuja baadaye, baada ya vita vya Shela, kijiji jirani, ikamalizika karibu 1821, halafu ikageuzwa jela mpaka 1984, wazee wengine hapa wanawakumbuka wafungwa kuliko makumbusho yaliyomo humo sasa.

Sasa nyumba yenyewe. Ukitoka njiani unaingia daka, yaani ukumbi wa mlangoni penye baraza, hapo ndo mwisho wa mgeni wa kiume kama hajaitwa ndani. Halafu unapinda tekani, kijia cha kuingilia ndani, na kupinda huko ni makusudi ili mpita njia asiwaone watu wa ndani, mara unatokea kiwandani, ule ua wa wazi wa ndani, kwenye mwanga. Mbele yako kuna msana wa tini, yaani ukumbi wa chini, kisha msana wa yuu, ukumbi wa juu, sakafu inapanda kidogo kila ukiingia, mpaka ndani kwa mwenye nyumba penye ukuta wa zidaka, vishubaka vya ukutani, uliochongwa kwa chokaa. Vyumba vyote ni virefu na vyembamba na watalii wanauliza kila siku kwa nini, jibu ni boriti, miti inayobeba dari: mti wa mkoko ukizidi mita 3 hivi haubebi ile dari nzito ya mawe na chokaa, kwa hiyo aliyetaka chumba kikubwa alikirefusha tu. Na familia ikizidi mtu alijenga wikio, chumba kizima juu ya njia baina ya nyumba mbili, chini punda wanapita na mizigo yao.

Mheshimiwa, kinachoziua nyumba hizi ni simenti. Ukuta wetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene karibu nusu mita, unavuta unyevu na kuutoa. Ukiufunika kwa simenti maji na chumvi vinabaki humo humo, plasta inavimba kama mahamri, inabanduka, jiwe linakuwa unga, halafu ncha ya boriti iliyozama ukutani inaoza na dari inashuka. Watu si wajinga, ni haraka tu na mfuko, mfuko wa simenti unaupata dukani leo leo, lakini chokaa mpaka mawe yachomwe tanuuni, iloweke shimoni muda mrefu, na apatikane fundi anayeijua. Mafundi hao sasa ni wazee. Boriti nazo zina mambo yake, marufuku ya kukata miti ya 2018 iligusa hata mikoko na wakataji wetu wakakaa bure mpaka iliporegezwa.

Sisi tumeanza na kidogo. Tumebandua simenti kwenye daka la jirani mmoja mjane na kupiga chokaa upya, fundi mzee akiwa amekaa kwenye kiti anatutukana vizuri kabisa kila tukikosea unene wa plasta. Daka limesimama.

Tunaomba utusaidie kupata shimo la chokaa la mtaa na posho ya mafundi wazee wakubali kufundisha, vijana tuko tayari. Pia mwenye nyumba anakatazwa kuibadilisha kwa sababu ni urithi, sawa, ila wa kumsaidia kuikarabati ni wachache, mwisho anauza. Wanunuzi wageni hatuwachukii, wengine wametengeneza kutushinda, lakini nyumba inafungwa miezi mingi na baraza halina mtu.

Tukimaliza hapa tutakutembeza ulione hilo daka. Njia ni nyembamba, punda akija wewe ndo unasogea.

Ahsante kwa kutusikiliza.